Lori Haliuzwi kwa Kilo

Lori alilokuwa akiendesha Baba liliuzwa kwa kilo. Nilikuwepo pale Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, siku vijana wa chuma chakavu walipofika na mtungi wao wa gesi. Walianza na kabini, wakafuata chesisi, mwisho wakaipasua injini kwa nyundo ili watoe pistoni, kwa kuwa alumini ina bei kuliko chuma. Kufikia alasiri palikuwa pamebaki doa la oili na vipande viwili vya mbao za bodi. Mwenye lori, jirani yetu mstaafu, alihesabu fedha zake, akaniambia, "Mwalimu, lilikuwa linaziba njia tu." Sikumlaumu, maana lilikuwa limelala pale miaka kumi na saba, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Lakini usiku ule usingizi haukuja. Kitu kilichotusomesha watoto saba nilikuwa nimekiona kikipandishwa kwenye mizani kama gunia la mahindi.

Hapo ndipo nilipoanza kufufua malori ya zamani. Kazi yangu ni kufundisha fizikia, na gereji si biashara yangu. Jumamosi zangu na sehemu ya mshahara wangu huishia chini ya chesisi, na nimekuwa hivyo tangu mwaka 2012. Leo ninalo Bedford TJ moja linalotembea, na Leyland Albion moja linalosubiri zamu yake. Nikiulizwa yananiingizia nini, hujibu kweli kwamba hayaniingizii shilingi. Yaliyoniingia kichwani ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa.

Sisi watoto wa Ipogolo tulilelewa na barabara. Baba alianza kazi ya utingo mwaka 1967, akiwa kijana asiye na leseni, kwenye malori ya kwenda Zambia. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilikuwa imejitangazia uhuru wake kule Rhodesia. Zambia haina bahari, na mafuta yake na shaba yake vilikuwa vikipita kwa reli ya kusini iliyopita humo, kwa hiyo ilijikuta imekabwa koo. Mafuta yakaanza kupelekwa kwa mapipa kutoka Dar es Salaam, na shaba ikarudi kwa njia hiyohiyo. Serikali za Tanzania na Zambia, zikiwa na mshirika wa Kitaliano, ziliunda kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, na malori ya Fiat yenye tela yakaijaza barabara ambayo kiangazi ilikuwa vumbi na wakati wa mvua ikawa tope la kufika kwenye ekseli. Waandishi wa magazeti ya Kiingereza waliiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, lami ikafuata, na mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa ikiwa na kilomita 1,860. Kabla ya hayo yote, jirani yetu Zambia alibebwa mgongoni na malori, na waliokuwa wakiyasukuma yalipokwama ni matingo waliolala chini ya tela.

Baba alipopata leseni aliiacha njia ya Zambia, akapewa Bedford TJ. Alibeba mbao kutoka Sao Hill, vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, na mahindi kutoka popote yalipovunwa. Jioni akirudi alikuwa akinipakata na kunihesabia: moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Nilidhani ni wimbo wa watoto. Nilipofika darasa la tano ndipo nilipojua kuwa ni mpangilio wa silinda sita za injini kuwaka, moja baada ya nyingine, ili krenkishafti isitikisike. Alinifundisha pia jambo la Kitonga. Ule mlima wa kona na magema ulikuwa umemeza wenzake kadhaa. Alisema, "Mwanangu, mlima unashukwa kwa gia uliyoupandia. Anayeshuka kwa breki tupu anashuka mara moja tu."

Baba alifariki mwaka 2011. Lori lake lilikatwa miezi minne baadaye.

Bedford ninalolitunza nililikuta mwaka uliofuata kwenye shamba moja Mufindi, limezungukwa na milingoti iliyoota baada yake. Mwenye shamba alikuwa mama mjane wa makamo ya mama yangu. Nilipomwamkia na kumweleza haja yangu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, marehemu alikataa kuliuza. Kila mwaka alikuwa akisema spea inakuja." Spea yenyewe ilikuwa pampu ya maji. Lori la tani saba liliegeshwa mwaka 1989 kwa kukosa pampu inayobebeka kwa mkono mmoja.

Waliokuwa watu wazima enzi hizo hawatashangaa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi ilikuwa imekaukiwa fedha za kigeni, na gari lililoharibika lilisubiri kipuri kwa miezi, hata miaka. Kiwandani nako mambo yaligeuka. General Motors ilifunga biashara ya malori ya Bedford kule Uingereza mwaka 1986, kiwanda cha Dunstable kikauzwa mwaka uliofuata kwa kampuni iliyoitwa AWD, nayo ikafilisika mwaka 1992. Huku kwetu biashara ilipofunguliwa yakaja malori ya mtumba kutoka Japani, na Bedford zikasukumwa nyuma ya nyumba. Gari likishasimama huanza kuliwa. Leo anakuja mtu kuazima stata, kesho dainamo, keshokutwa betri. La Mufindi lilikuwa limechukuliwa hata ea klina, na mdomo wa hewa ukabaki wazi chini ya boneti iliyotoboka kwa kutu. Mvua za Mufindi hazikopeshi. Maji yaliingia mpaka ndani ya silinda, injini ikakamata.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa lori lile ulikuwa tundu ambalo mfuniko wa ndoo ungetosha kuliziba.

Niliomba msaada kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi mkuu wa gereji ya ushirika, wakati huo akiwa na miaka sabini na minne. Sote tulimwita Mzee Fundi, nami nitamwita hivyo hapa. Alifika akiwa na begi dogo la turubai. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akalizunguka lori mara mbili bila neno. Alichovya kidole kwenye tangi la dizeli, akanusa, akakifuta kwenye nyasi. Kisha akasema, "Halijafa. Limeachwa."

Stata haikuwepo, na kwenye tundu lake meno ya flaiwili yalionekana. Nilichomeka mtaimbo nikauegemea kwa uzito wangu wote. Haukusogea. Nikaenda kutafuta bomba refu la kuongezea mpini. Mzee Fundi alinishika bega. "Mwalimu, hiyo nguvu itafanya kazi, lakini si kazi unayoitaka. Utapinda rodi." Alinifungulisha nozeli zote sita. Akachanganya dizeli na oili ya giaboksi za otomatiki, nusu kwa nusu, akamimina kikombe cha chai kwenye kila tundu, akaziba kwa vitambaa safi, akasema tuonane wiki ijayo.

Tulifanya hivyo wiki tano. Kila Jumamosi tunafungua vitambaa, tunaongeza mchanganyiko, tunaujaribu mtaimbo kwa mkono mmoja, tunarudi nyumbani. Jumamosi ya tano flaiwili ilisogea jino moja. Nilitaka kuendelea, akanizuia tena. "Sasa irudishe." Mbele jino moja, nyuma jino moja, mbele mawili, nyuma mawili. Kila inapoenda inasaga kutu kidogo, na kila inaporudi inaivuta oili ikafute ilichosaga. Ukiisukuma mbele tu, kutu yote inakusanyika mahali pamoja na ringi zinavunjika. Ilituchukua saa nne kuizungusha mzunguko mmoja. Tulipofungua silinda hedi tulikuta silinda ya nne peke yake ndiyo imeliwa, nayo ikapelekwa kwa wachongaji Mbeya. Zile tano nyingine ziliokoka kwa sababu hatukuwa na haraka.

Nimefundisha fizikia zaidi ya miaka ishirini, na wenzo ni somo la miaka ya mwanzo ya sekondari. Nilijua kabisa kwamba mpini mrefu huongeza nguvu. Sikuwa nimewahi kufundishwa wakati wa kutoutumia.

Somo la pili lilitoka kwenye spana. Bedford ni gari la inchi, na spana zetu za siku hizi ni za milimita. Nati ya inchi tisa kwa kumi na sita ina upana wa milimita 14.29. Spana ya 14 haiingii, na ya 15 inaingia ikiwa imelegea, inateleza, inazila kona za nati, na baada ya hapo huna njia ila patasi. Nati ya robo tatu inakubali spana ya 19 bila shida, kwa kuwa tofauti yao ni nywele. Mzee Fundi alizijua zote kwa kidole gumba. Mimi nilizipima kwa kalipa, nikachora jedwali, nikalibandika ukutani. Kwenye magurudumu nililipia ujinga kwa studi mbili zilizokatika. Nilikuwa nikifungua gurudumu la kushoto kama nilivyofungua la kulia, nikizidi kukaza huku nikidhani ni kutu. Kumbe hesi za upande wa kushoto hugeuzwa, ili mzunguko wa gurudumu uzikaze badala ya kuzilegeza. Waliolitengeneza lori lile walikuwa wamelifikiria, nami nilianza kulipiga kabla ya kulisoma. Tangu siku hiyo, kitu kikinikatalia huweka spana chini na kujiuliza kama si mimi ninayekwenda kinyume.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye breki. Breki za lori hili husukumwa na oili, na mguu wa dereva husaidiwa na buta linalovuta upepo. Tulikuwa tumebadilisha raba zote kwenye masta na kwenye magurudumu. Jioni moja, nikiwa peke yangu, niliona oili ya masta imepungua. Kwenye rafu palikuwa na chupa isiyo na maandishi, rangi yake inafanana, nikamimina. Ilikuwa oili ya injini. Siku mbili baadaye pedali ikawa ngumu, lori likakataa kusukumika, na drami za breki zikachemka baada ya mwendo wa mita mia chache kuvutwa. Tulipofungua tulikuta raba zimevimba kama maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Raba za breki za aina ile hustahimili oili ya breki, lakini oili ya madini huzivimbisha mpaka zisijirudie tena. Ilibidi tuzitupe zote na kuosha mabomba kwa spiriti toka mwanzo hadi mwisho.

Mzee Fundi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kama tungekuwa tumeshafika Kitonga?" Sikuwa na jibu. Chupa zote za gereji yangu sasa zina jina na tarehe, zimeandikwa kwa rangi ya mafuta, na hakuna anayemimina kitu akiwa peke yake. Ninapowasikia vijana wakisema hicho ni kitu kidogo, huwaonyesha raba moja niliyoihifadhi kwenye mtungi wa jemu.

Injini iliwaka mwezi Agosti mwaka 2015. Pampu ya maji tuliipata kwa muuza spea mkongwe wa Nairobi, bado imefungwa kwenye karatasi yake ya nta. Dizeli ikishaingiwa na upepo injini haiwaki hata ukiivuta kwa trekta, kwa hiyo kazi ya mwisho ilikuwa kuutoa. Mzee Fundi alikaa upande wa pampu ndogo ya mkono, akisukuma polepole. Binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa, aliwekwa kuangalia skrubu ya filta niliyoilegeza. "Bado povu, Baba." Tukasukuma. "Bado." Tukasukuma. "Sasa inatoka safi." Nikaikaza, tukahamia kwenye pampu ya nozeli, kisha kwenye mabomba ya nozeli yenyewe. Binti akaniuliza tuanze na lipi. Nikajikuta namhesabia: moja, tano, tatu, sita, mbili, nne.

Ilikohoa moshi mweupe, ikashika, ikaanza kuunguruma kwa kusuasua. Watu waliokuwa wamekusanyika walipiga makofi. Mzee Fundi hakupiga. Alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza. "Ya pili haijaamka," akasema. Nikalegeza bomba la silinda ya pili, likatema povu, nikalikaza. Mlio ukajaa. Silinda sita, lita 4.9, na nyuma ya moshi ule harufu ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni kwenye shati la Baba.

Mwezi mmoja baadaye, baada ya ukaguzi na vibali, tuliteremka nalo Kitonga likiwa na mzigo wa mbao. Nilishuka kwa gia ya tatu, mguu ukigusa breki kwenye kona tu. Malori mapya ya tani thelathini yalinipita, na sikuona haya. Chini, Ruaha Mbuyuni, nilishuka nikashika drami zote nne kwa kiganja. Zilikuwa za vuguvugu.

Wengi hudhani kazi inaishia hapo, gari likishapakwa rangi na kupigwa picha. Kufufua ni kama harusi, na ndoa inaanza kesho yake. Lori la zamani halipendi kuwashwa dakika tano kila wiki kwa ajili ya kuwafurahisha wageni. Injini isiyopata moto wa kutosha hukusanya unyevu ndani ya oili, na unyevu hula beringi. Kwa hiyo la kwangu likiwashwa huenda, angalau kilomita ishirini na mzigo kidogo, hadi joto lifike mahali pake. Tangi la dizeli hulijaza kabla ya kulilaza ili hewa yenye maji isipate nafasi, na chini ya filta hufungua maji kila mwezi. Kingpini hupigwa grisi ekseli ikiwa imeinuliwa kwa jeki, kwa sababu uzito ukiikalia grisi haifiki inakotakiwa. Likikaa zaidi ya wiki tatu huliweka juu ya magogo, matairi yasikae kwa upande mmoja. Na mdomo wa hewa una mfuniko. Sijawahi kuusahau.

Mzee Fundi alitutoka mwaka 2019. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na hilo ninaliamini, ila koleo lile lilikuwa limeshika mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote. Miaka saba niliyokaa naye niliandika daftari nne. Humo mna vipimo vya nati, mwanya wa vali, namna ya kusikiliza beringi kwa bisibisi iliyowekwa sikioni, na jinsi ya kutambua raba ya bandia kwa kuikunja. Kuna mengi nilichelewa kumuuliza. Nilifikiri ninakusanya vipuri kabla havijaisha, kumbe mafundi ndio waliokuwa wakiisha, na fundi hapatikani kwenye karatasi ya nta Nairobi. Wenzetu wanayatunza ya kwao: kule Uingereza, kwenye mji wa Leyland, lipo jumba la makumbusho la malori, na wenye magari ya kazi ya zamani wamekuwa wakiyaendesha kwa msafara kutoka London hadi Brighton tangu mwaka 1962. Hawafanyi hivyo kwa kuwa chuma chao ni bora kuliko chetu. Malori yaleyale yalikuja kwetu, yakapita barabara ngumu zaidi, yakabeba historia nzito zaidi. Nasi tunayo sababu ya kuyatunza.

Binti yangu sasa yuko chuo cha ufundi, anasomea magari makubwa. Likizo iliyopita yeye ndiye aliyefungua hedi ya Leyland Albion, na kabla ya kugusa nati ya kwanza alipima kwa kalipa.

Kwako msomaji. Kama nyuma ya nyumba yenu, shambani kwa babu, au kwenye uwanja wa ushirika uliofungwa, kuna lori lililolala, usimwite mtu wa mizani kwanza. Ziba mdomo wa hewa hata kwa mfuniko wa ndoo. Andika namba ya chesisi. Kisha mtafute dereva wake, utingo wake au fundi wake, kama yungali hai, umpe shikamoo, ukae naye na daftari. Lori linaweza kusubiri mwaka mwingine. Mzee hawezi.